Taya Lililokataa Kufunga

Ijumaa asubuhi, saa tatu kasorobo, Inspekta Nesta Toloau alikuwa ameshajaribu mara nne kulifunga taya la marehemu Basil Irokwato, na mara zote nne taya lilikataa.

Fuvu lilikuwa mezani kwake, juu ya taulo la njano la kituo cha polisi, na taya la chini alilishika kwa mikono miwili yenye glovu. Akilisogeza mbele, linakataa. Akilirudisha nyuma, linakataa. Meno ya mbele yalibaki yameachana kiasi cha kupitisha ukucha, kana kwamba mwenyewe alikuwa bado ana neno la kusema.

"Bosi, mwache mtu wa watu apumzike," alisema Sajini Hensley Vaka, ambaye alikuwa dirishani akimalizia kipande cha muhogo wa kuoka kwa nazi. Sajini alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu, na tangu mwaka uanze hakuwa ameona jambo lolote la kumharakisha. "Mke wangu mwenyewe hajawahi kunifunga mdomo mara nne kwa asubuhi moja."

"Weka muhogo chini, njoo hapa. Unaona yanagusana wapi?"

Sajini akainama. "Huku nyuma. Kushoto."

"Jino gani?"

"Hilo lililozibwa."

"Hilo tu?"

Nesta alichana ukingo wa fomu ya maelezo, akaupitisha ule ukanda wa karatasi baina ya meno ya juu na ya chini. Ulipita upande wa kulia bila kugusa kitu. Ukapita mbele, ukapita kwenye chonge. Ulipofika kwenye gego la kwanza la chini kushoto, lenye kizibo cheupe, ukakwama.

"Kizibo kimezidi," alisema Nesta. "Mtu mzima angekaa miaka sita na kitu kama hiki mdomoni?"

Sajini alijua kwamba jibu likipatikana kazi itaongezeka.

Na kazi ilikuwa inaelekea kufungwa vizuri kabisa. Wachimba mchanga wa mto Lungga walikuwa wameikuta mifupa hiyo baada ya mafuriko, kisogo kimepasuka kwa kipigo. Mwanamume, umri wa miaka thelathini hivi, pengine na ushei. Basil Irokwato, mvuvi wa kisiwa cha Malaita, alikuwa ametoweka miezi minane, tangu siku alipogombana mbele ya watu na Rodrick Saeni, mwenzake katika boti, kwenye soko la samaki. Rodrick alikuwa mahabusu wiki ya tatu sasa. Jumatatu angesomewa shitaka la kuua, na kwa shitaka hilo mtu akitiwa hatiani hufungwa maisha. Kesi nzima ilisimama juu ya karatasi moja ya Daktari Maharaj wa kliniki ya meno ya Kukum: kwamba jino lililozibwa katika fuvu ndilo jino alilomziba Basil miaka sita iliyopita, kwa mujibu wa kadi yake. Chini ya sahihi ya daktari kulikuwa na sahihi ya Inspekta Nesta Toloau. Saa kumi jioni mwendesha mashtaka angelifunga faili, na baada ya hapo kulifungua kungemletea Nesta aibu kubwa kuliko aliyoweza kuibeba.

Aliwasha tochi, akasogeza kioo cha kukuzia. Meno yote ya marehemu yalikuwa na ukoko wa popoo ya kutafuna, wekundu ulioiva ukawa kahawia, kama meno ya kila mtu aliyekulia Malaita, yakiwemo ya Nesta mwenyewe. Kizibo kilikuwa cheupe pepepe. Juu yake, na juu yake tu, zilikuwa zimenata nyuzi tatu nyembamba za rangi ya njano. Nesta aliangalia taulo, akaangalia nyuzi.

"Hensley, hili taulo limetoka wapi?"

"Kabati la juu. Nilikifunga kichwa Jumatano, kiliporudi kutoka kliniki."

"Kilipokwenda Jumanne kilifungwa na nini?"

"Magazeti. Meno yalikuwa yamejaa tope, bosi, nisingetia taulo safi."

"Picha tulizopiga mtoni, hayo meno yanaonekana?"

"Tope ndilo linaonekana," alisema Sajini, na kwa mara ya kwanza akausahau muhogo.

Nesta alivua glovu. Kwa siku kumi hivi gego lake la kulia lilikuwa limemeguka ukingo, nalo lilizibwa kliniki hiyo hiyo ya Kukum mwaka uliopita. Siku zote alikuwa akiahirisha. Leo alijikuta ana hamu kubwa ya kutibiwa.

*

Kliniki ilikuwa na viti viwili na daktari mmoja. Daktari Vinesh Maharaj alikuwa Mhindi wa Fiji aliyekuja mji huu wa Honiara kwa mkataba wa mwaka mmoja, akakaa kumi na mitatu. Nesta alipochungulia bila kubisha, daktari alikuwa amesimama kwenye droo ya vifaa. Aliisukuma droo kwa nyonga, haraka, akatabasamu kupita kiasi.

"Inspekta. Karatasi yangu ina tatizo?"

"Jino langu ndilo lina tatizo, daktari. Karatasi baadaye."

Kwenye benchi la nje alikuwa amekaa Nesi Lovelyn Tanavalu, amemaliza chai yake, anapanga kadi za wagonjwa. Mwanamke wa miaka arobaini hivi, mrefu, mwenye meno mekundu ya mtafunaji wa siku nyingi. Nesta alikaa kando yake kungoja zamu, akatoa mfuko wake wa popoo na kichupa cha chokaa, akamkunjulia kiganja kama ilivyo ada.

"Chukua, dada. Hizi zimetoka Auki, kwetu Malaita, jana."

"Asante, Inspekta. Nimeacha."

"Na meno hayo?"

"Nyumbani tumeacha wote. Mama ameacha, nasi tumeacha naye." Aliendelea kupanga kadi. "Wewe pia usitafune sasa hivi, daktari atakugombeza."

Nesta alirudisha popoo mfukoni. Neno lile lilimgusa mahali, lakini hakujua ni wapi, akaliweka kando.

Kitini alifumbua mdomo na kufumbua macho zaidi. Daktari alimdunga ganzi, akaja na keekee, akatoa kizibo cha zamani kilichomeguka, akasafisha, kisha akaondoka kwenda kiti cha pili alikokuwa analia mwanamke wa makamo. Hapo akaingia Lovelyn. Alikausha jino, akapaka gundi, akachukua kijiti chenye tone la rojo nyeupe akalibana chini ya tundu. Akamulika taa ya bluu, akihesabu kwa sauti ndogo hadi ishirini. Akaweka tone lingine. Taa tena.

"Kwa nini usijaze mara moja?" Nesta aliuliza alipopata nafasi, kwa mdomo uliokufa ganzi.

"Kinasinyaa kikiganda. Ukijaza mara moja kinajivuta kutoka ukingoni, panabaki ufa, na uozo unaingia humo humo. Halafu mwanga haufiki chini. Juu kigumu, chini uji." Lovelyn alimulika tena. "Wenye haraka wanafanya hivyo. Sisi hapa hatuna haraka."

Alipofika tabaka la nne, aliweka taa mahali pake, akaviweka vifaa sambamba kwenye trei, akakunja mikono. "Daktari, tayari."

Daktari alikuwa bado anambembeleza yule mama. Nesta alifunga mdomo ili ameze mate, na taya lake likakataa. Gego la kulia liligonga peke yake. Upande wa pili ulibaki hewani. Ilikuwa kama kung'ata kokoto kwenye wali, na kokoto hilo lisiondoke. Hisia ile alikuwa ameishika mikononi asubuhi hiyo.

Daktari alirudi, akatia ukanda wa karatasi ya bluu kati ya meno yake. "Uma. Saga kushoto, saga kulia. Uma tena." Akatazama palipopakika rangi, akapunguza, akarudia. Mara tatu. Mwisho akasugua kwa brashi laini mpaka ulimi wa Nesta haukupata tena mpaka kati ya jino na kizibo.

"Hiyo kazi ya mwisho huifanya wewe siku zote?" Nesta alimwuliza.

"Siku zote. Lovelyn anajaza vizuri kuliko mimi, nakiri. Lakini kuuma na kusugua ni kwangu. Kila mtu na mpaka wake, miaka kumi sasa."

*

Katika chumba cha eksirei, mlango ukiwa umefungwa, Nesta aliliendea jambo la kwanza lililomkera, yaani droo.

"Fungua ile uliyoifunga kwa nyonga nilipoingia."

"Ipi?"

"Daktari, mimi nina ganzi ya mdomo, si ya macho."

Daktari alikwenda akaichukua, akaileta. Ndani kulikuwa na bomba sita za rojo ya kuzibia. Kwenye bomba nne, sehemu ya tarehe ilikuwa imekwanguliwa kwa kisu. Daktari Maharaj alianza kutoa jasho, na Nesta akadhani amempata mtu wake. Mtu anayekwangua tarehe kwenye bomba hashindwi kuandika tarehe nyingine kwenye kadi.

"Ulimzibia nani na hizi?"

"Sikiliza, Inspekta. Meli ya mzigo imechelewa wiki saba. Muda umepita miezi mitatu tu. Rojo imekuwa nzito kidogo, basi. Niwaambie watu waende na matundu yao? Nilikwangua ili Lovelyn asione, maana angezitupa zote."

"Na mimi leo?"

"Wewe nimekupa nzuri. Naapa kwa mama yangu."

"Kikimeguka nitamtafuta mama yako." Nesta alisukuma droo pembeni. "Hizo utazitupa mbele ya Sajini wangu leo leo. Sasa niambie. Hiki mnachozibia kimetengenezwa na nini? Nieleze kama unavyomweleza mtu wa sokoni."

Daktari alishusha pumzi. Hilo alilipenda. "Vitu vitatu tu. Kuna utomvu wa plastiki. Kuna unga wa kioo, laini kuliko unga wa ngano. Na kuna dawa inayopakwa kwenye ule unga ili ushikane na utomvu, maana kioo na plastiki havipendani. Kioo ndicho kinachobeba mzigo wa kutafuna, hicho ndicho kokoto na saruji. Utomvu ndio unaoganda ukimulikwa. Pamoja tunaita kompositi."

"Na popoo?"

"Kioo hakinywi kitu. Utomvu unakunywa kila kitu. Chai, mchuzi, popoo. Mtafunaji wa kila siku, ukifika mwaka utaona mstari wa kahawia ukingoni. Kile chako nilichokitoa leo kilikuwa nao."

"Miaka sita?"

"Miaka sita kimegeuka chote. Na juu kimelika, kimekuwa na mabonde."

Nesta alimwona akianza kufikiri.

"Kwa nini mnasugua mwisho?"

"Kwa ajili ya ulaini. Na kwa ajili ya ile ngozi ya juu. Hewa inaizuia isigande sawasawa, inabaki ikinata. Nisipoisugua, mgonjwa mwenyewe ataimaliza kwa kutafuna, siku mbili tatu."

"Na mgonjwa asiyetafuna?"

"Mgonjwa gani asiyetafuna?" Daktari alicheka kidogo, kisha kicheko kikamkauka. Nesta alikuwa amemwekea mezani picha aliyopiga asubuhi: kizibo cheupe kati ya meno mekundu, na nyuzi tatu za njano juu yake.

Daktari alikaa chini. "Mimi nilikuwa na wagonjwa kumi na saba siku ile," alisema. "Niliangalia kadi, nikaangalia kwa kioo cha mkono. Jino lile lile, kizibo kipo. Nikatia sahihi."

"Fuvu lilifika saa tano. Ulilitazama saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Kati ya saa tano na saa tisa lilikuwa wapi?"

"Humu. Lovelyn alilisafisha tope, akalifungia humu. Mimi saa saba huwa nakwenda nyumbani kula." Alifuta jasho. "Ufunguo anao yeye. Lakini Lovelyn? Kwa nini? Basil kwake ni nani?"

"Nipe kadi ya Basil."

Ilikuwa kadi ya njano iliyochakaa pembe. Mara tatu Basil alikuwa amekuja, na kila mstari ulikuwa na tarehe, kazi iliyofanyika na rangi ya rojo iliyotumika. Mwisho wa mstari zilikuwa nafasi mbili za sahihi, moja ya daktari, moja ya msaidizi. Nafasi ya msaidizi ilikuwa tupu mara zote tatu. Nesta alichukua kadi nyingine ishirini kutoka kwenye rundo. Zote zilikuwa na herufi za Lovelyn.

"Siku hizi tatu nesi alikuwa likizo?"

"La. Kila Basil akija, Lovelyn alikuwa anatoka nje. Anaondoka kabisa, anasimama kule chini ya kibaraza mpaka mtu aende. Mimi nilidhani aliwahi kumkatalia posa. Sikumuuliza, mambo yenu ya visiwani siyaingilii."

Nesta aliishika ile kadi bila kuisoma. Yeye alizaliwa Malaita, ambako dada hamgusi kaka yake. Hajawahi maishani mwake kukaa kwenye mkeka wa kaka yake, wala kuruka mguu wake, wala kumgusa kichwa. Kaka yake alipougua homa, waliomkanda maji walikuwa shangazi, naye akasimama nje akilia. Kwenye faili la Basil, ukurasa wa pili, Sajini Hensley alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mbaya: *mama, mjane, dada mmoja, ameolewa Choiseul.* Na Tanavalu lilikuwa jina la watu wa kisiwa cha Choiseul. Dada aliolewa na mtu wa Choiseul, akakaa Kukum, dakika kumi kutoka kituoni, na hakuna aliyeona sababu ya kumwuliza. Nesta alijilaani kimoyomoyo, akamlaani Sajini zaidi. Sasa lilimjia pia neno la benchini. Mama Irokwato, alipohojiwa, alisema hatatia popoo kinywani mpaka mwanawe apate kaburi.

Lakini papo hapo mambo yakamvurugikia. Dada wa Malaita hawezi kukishika kichwa cha kaka yake, achilia mbali kukitoboa kwa keekee. Wala akiwa hai, wala akiwa mifupa. Nesta alisimama dirishani kwa dakika nzima akiwa na ushahidi wote mkononi na ada yote ikiupinga. Kisha akamrudishia daktari kadi yake, akaenda nyuma, kwenye chumba cha kuchemshia vifaa.

*

Lovelyn alikuwa anapanga koleo kwenye trei. Mvuke ulikuwa umejaa chumbani.

"Hujaambiwa usile mpaka ganzi iishe?" alisema bila kugeuka.

"Sijala. Mama yako hajambo?"

Mkono wa Lovelyn ulikawia kidogo juu ya trei. "Hajambo kidogo. Kifua."

"Nilimwona mwezi uliopita, kwa ajili ya Basil. Hakuniambia kwamba binti yake yuko Kukum."

"Hukumwuliza."

"Ni kweli. Basil ni kaka yako, tumbo moja?"

"Tumbo moja, baba mmoja."

"Na Jumanne, daktari alipokwenda kula, ulikishika kichwa cha kaka yako ukakitoboa jino."

Lovelyn aligeuka. Uso wake ulikuwa umebadilika, na hasira iliyokuwa humo haikuwa ya kuigiza. "Usinitukane, Inspekta. Wewe ni mtu wa kwetu, unajua unachosema. Mimi nina malezi. Kaka yangu sijamgusa kichwa tangu nipate akili, na siwezi kumgusa, awe hai awe mfu."

"Najua," alisema Nesta. "Basi Jumanne ulishika kichwa cha nani?"

Maji yalichemka katika sufuria. Lovelyn aliizima swichi ya jiko taratibu, akakaa kwenye ngazi ndogo ya kupandia kabati, mikono mapajani.

"Sikujua mwanzoni," alisema. "Sajini alipokileta niliogopa kukifungua. Nilimwomba dada anayekaa mapokezi afungue yeye, nikasimama mlangoni na kadi. Nikamwambia, nitazamie chini kushoto, gego la kwanza. Akasema lina tundu, limejaa tope. Nikamwambia angalia vizuri, hakuna kizibo? Akasema hakuna kitu, ni tundu tu. Nikajua si yeye. Ndipo nikamtuma akaninunulie mkate, nikaingia."

"Ukaziba."

"Nikaziba. Kwa rangi ile ile iliyoandikwa kwenye kadi."

"Rangi ya siku ya kwanza. Kaka yako ametafuna popoo juu yake miaka sita."

Lovelyn alifumba macho. "Hilo sikulifikiri."

"Na kuuma?"

"Kuuma ni kazi ya daktari," alijibu, kama anayejibu mtihani. Kisha akaelewa alichokisema, akainamisha uso.

Nesta alisogea karibu. Alikuwa amekasirika, na alimhurumia, na hakutaka kimoja kifiche kingine. "Rodrick Saeni angefungwa maisha kwa hilo jino."

"Rodrick amemuua kaka yangu."

"Umeona?"

"Mji mzima unajua."

"Mji mzima ulijua pia kwamba wewe uko Choiseul. Ulikuwa tayari afe gerezani kwa kichwa cha mtu mwingine?"

"Mama ana wiki chache, Inspekta. Kila asubuhi ananiuliza, wamempata? Nimesema hawajampata mara mia mbili." Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Jumanne nikamwambia wamempata. Alikula siku ile. Alikula samaki mzima."

Nje, Daktari Maharaj alisikika akimwambia mtu ateme mate.

"Utavaa viatu, twende kituoni," alisema Nesta. "Utaandika yote hayo kwa mkono wako, kabla ya saa kumi. Rodrick hatasomewa shitaka hili. Akitoka, mimi mwenyewe nitamfuata kila anapokwenda mpaka nijue alimfanya nini Basil, au hakumfanya. Lakini si kwa uongo huu."

Lovelyn aliitikia kwa kichwa. Alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya trei. Mlangoni alisimama.

"Kuna kitu cha huyo mtu," alisema. "Lile tundu. Sikuweza kuziba juu ya uozo, nililisafisha kwanza, mkono ulikataa kufanya vibaya. Lilikuwa limefika kwenye mshipa. Mtu mwenye jino la namna ile halali, na nyumbani kwake hawalali. Analia, anapiga ukuta, wanamchemshia majani. Mimi kazi yangu ni hii, nawajua. Kama ana mama, au dada, hawajasahau."

Nesta alimtazama. Katika wiki zote tatu, hili lilikuwa neno la kwanza la kweli ambalo mtu yeyote alimwambia kuhusu maiti yake. Hakuwa Basil tena. Alikuwa mtu aliyepigwa kisogoni akatupwa mtoni, na hakuna aliyemtafuta kwa sababu wote walikuwa wakimtafuta mwingine.

Alitoa simu, akampigia Sajini.

"Hensley, bado unakula?"

"Nimemaliza, bosi."

"Toa orodha ya wanaume wote waliopotea, kisiwa hiki na Malaita, miaka miwili nyuma. Piga simu kila nyumba."

"Niwaambie nini?"

"Usiwaambie kitu. Uliza swali moja tu: kabla hajapotea, alikuwa anaumwa jino?"